Eda ya Biasha

Wifi yangu Biasha hakuwahi kufiwa na mume, lakini kuna wakati nusu ya kijiji chetu cha Bongwe ilimiminika nyumbani kwetu kumpa mkono wa pole. Wengine walikuja na sukari, wengine na mchele, na mama mmoja alikuja akilia tangu njiani. Biasha aliwapokea wote kwa adabu, akawashukuru, kisha akakimbilia jikoni kucheka huku amejiziba mdomo kwa upindo wa leso. Baadaye akaacha kucheka. Mambo haya nimeyasikia yakisimuliwa dukani na kisimani, na yanavyosimuliwa huko ni upuuzi mtupu, kwa hiyo afadhali niyaseme mimi niliyekuwepo.

Naitwa Twaiba. Nimeolewa na Nassir, kaka yake Biasha, na nyumba yetu na ya wakwe zangu zimetenganishwa na ua wa makuti uliochakaa, ambao hata mbuzi hawauhesabu kuwa ua. Nassir ni fundi wa kuezeka mapaa ya mahoteli. Akimsikia mamake anaanza kulia, hukumbuka ghafla kwamba kuna paa linavuja huko Diani. Simlaumu sana. Namlaumu kiasi.

Biasha wa zamani ulimjua kwa pua kabla ya macho. Alikuwa akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya Diani, kukunja mashuka kutwa, na hakuwa akitoka nyumbani bila ya asumini kwenye nywele na mafuta mazito ya halud nyuma ya masikio. Msimamizi wake alimkanya mara kadhaa kwamba mashuka ya wageni yananukia harusi. Kisha mgeni mmoja, bibi wa Kizungu mtu mzima, akapiga simu mapokezi kuuliza mbona leo kapewa mashuka mengine, yale yenye harufu nzuri yako wapi. Msimamizi akaacha kumkanya. Kisa hicho Biasha alikisimulia kila Idi, na kila Idi bibi yule alizidi kuwa tajiri.

Alikuwa ameolewa Msambweni na Swabir, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mwenye sauti tamu na moyo mfupi. Mamake Biasha alipoanza kusahau, Biasha aliomba ruhusa aje kumsaidia babake kwa wiki moja. Wiki ikazaa nyingine. Mama alikuwa akitoka nyumbani kumtafuta mamake mzazi, aliyekufa kabla hata ya Biasha kuzaliwa, na mzee peke yake asingeweza kumkimbilia kila mara. Swabir akatuma salamu kwamba yeye alioa mke, hakuoa ukoo. Baada ya salamu ikaja talaka. Juu ya Swabir sina la kusema linalofaa kuandikwa, kwa hiyo napita. Kazi ya hoteli nayo ikaisha vivyo hivyo, kwa ruhusa iliyozidi.

Huyo mama mwenyewe, mkwe wangu, ni Bi Mejumaa. Ukiuliza wanawake wa makamo kuanzia hapa hadi Ukunda watakwambia ni nani. Alipokuwa na akili zake, nyumba yoyote iliyopata mjane ilimwita yeye aje kumkalisha eda. Mjane aliye edani kwetu huitwa kizuka, na Mama alimfundisha kizuka kila kitu: asijitie manukato wala hina wala wanja, avae leso isiyopiga kelele, asitoke nje ila kwa dharura, asipandishe sauti. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na Mama alikuwa akipita kwa kizuka wake karibu kila siku, mpaka ile asubuhi ya mwisho. Asubuhi hiyo alimwogesha uani nyuma ya leso zilizoshikwa na wanawake, akamwinamia sikioni, akamnong'oneza maneno. Ni maneno gani, hakuna aliyejua ila wajane wenyewe. Nimewahi kuwauliza wawili watatu, wakanitazama tu kama mtu aliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

Baada ya kuoga, kizuka alitiwa asumini, akafukizwa udi, na Mama akamtoa nje siku ile ile. Sharti atembee, abishe hodi kwa watu, aonekane. Kurudi jikoni siku ya kutoka eda Mama hakukubali kabisa. Alikuwa akisema mwanamke akitoka eda akashika mwiko, hajatoka.

Usahaulifu ulipomwanzia, alijua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alijua. Jioni moja tukitwanga, alimshika Biasha mkono akamwambia, "Babako akinitangulia, nami nishakuwa hivi, wewe unikalishe eda yake sawasawa. Usiniache nikamvunjia heshima Chirau."

Biasha akamwahidi. Nilikuwepo, mchi mkononi.

Basi miaka ile ya mwanzo aliyemtunza Mama hasa ni Baba, Mzee Chirau. Yeye ndiye aliyetufundisha kazi hii. Mama akimwuliza jambo moja mara kumi, Baba alijibu mara kumi, na kila jibu lake tofauti ili asichoke mwenyewe.

"Leo tumekula nini?"

"Wali na samaki."

Baada ya muda mfupi, "Chirau, tumekula nini leo?"

"Leo? Leo tumekula ngamia."

"Ngamia mzima?"

"Nundu tumemwachia Nassir."

Mama alicheka mpaka machozi, akasahau, akauliza tena. Nikimtazama mzee yule nilikuwa nasema moyoni kwamba Nassir amechukua pua yake tu, mengine yote yalimpita.

Baba aliondoka kwa wepesi. Alirudi kutoka shamba na mihogo begani, akaketi barazani kando ya mkewe aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka, akaomba maji. Biasha alipotoka nayo, Mama alikuwa ameshamfunika Baba kwa leso yake, akamwashiria Biasha anyamaze. "Amelala," akasema. "Amechoka na jua."

Tukamzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Na Mama akaanza eda.

Nisemeje kuhusu eda ile? Kila siku baada ya sala ya alfajiri Mama aliamka, akatazama upande wa pili wa kitanda, akaita, "Biasha! Babako hajarudi msikitini?"

Na Biasha, aliyekuwa ameshaketi mlangoni akimsubiri, alijibu, "Mama, Baba amefariki. Uko katika eda yake."

Mama alipokea habari ile kila siku kama ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Alisema *innalillahi*, akajishika kifua, akalia kilio cha chini cha mwanamke aliyefunzwa asipandishe sauti. Kisha akauliza maswali ya mtu ajuaye kazi yake.

"Nani alimwosha?"

"Nassir na Ustadh Abdulwahab."

"Walimfunga kidevu mapema?"

"Walimfunga, Mama."

"Maji yalikuwa ya vuguvugu? Chirau hapendi maji ya baridi."

"Yalikuwa ya vuguvugu."

Kwenye swali hilo la maji mimi nilikuwa naondoka. Sauti ilikuwa inavuka ua wetu mbovu, nami nilikuwa nawasha jiko kwa kishindo ili nisiisikie. Hadi chai inachemka Mama alikuwa ameshasahau. Alitoka uani akaufuata mti wa asumini ulio kando ya mlango, achume maua amtilie mumewe kwenye mto wa kulalia. Kizuka hachumi asumini. Kwa hiyo Biasha alikuwa anadamka mapema, anachuma kila ua lililochanua, anakwenda kuyatupa shimoni mwa choo. Mama alikuta majani matupu akashangaa. "Mti huu umekuwa tasa," alisema.

Na kwa kuwa Mama akinusa tu halud aliitaka, Biasha alikusanya chupa zake zote akaniletea nizifiche. Akaacha hina. Leso zake za rangi akazifunga kwenye mfuko, akabaki na mbili za kijivu. Kutoka hatoki, maana akitoka, Mama naye anatoka. Nilikuwa nikiona haya yote nikayaita uchovu. Sikuyaita kwa jina lake.

Tuligombana, siwezi kuficha. Nilimkuta asubuhi moja anaosha vyombo macho makavu, nikamwambia, "Wifi, wewe unamuua baba yako kila siku. Mwache mama adhani yuko shamba. Itakupunguzia nini?"

Hakunitazama. "Miaka yote ile amekwenda kuwakalisha wajane wa watu. Leo babangu aondoke, asipate mke wa kumlilia? Kama Mama hajui kwamba amekufa, basi Baba amekufa bila mjane."

"Analiliwa kupita kiasi, Biasha! Hata wafalme hawaliliwi hivi!"

"Nilimwahidi," akasema, na sufuria ile akaisugua mpaka ikanung'unika.

Nikalipeleka neno kwa Ustadh Abdulwahab, nikidhani nitarudi na fimbo ya kumchapia. Ustadh alinisikiliza, akasema eda ni muda, na muda unapita kwa anayejua na kwa asiyejua. Tumzuie manukato na kutokatoka kadiri tuwezavyo, lakini hakuna aliyetuamrisha kumliza. Nikarudi mbio. Biasha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ustadh amesema kweli," akasema. "Lakini si yeye aliyeshikwa mkono."

Nikarudi kwangu. Nilikasirika siku nzima.

Kilichotuokoa ni Loice. Loice ni jirani yetu wa upande wa pili, mtu wa bara, Mama Ashley tunamwita. Mumewe Elkanah alikuwa mtunza bustani wa hoteli, akapigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala na maneno yote yakamtoka ila mawili. Alasiri, Mama akiwa amesinzia na Elkanah ameegeshwa kwenye kiti chake mahali tunapoweza kumwona, tulikuwa tunakutana uani kuambua kunde. Hapo ndipo tulipolia na ndipo tulipocheka, na mara nyingine hatukujua tumo katika lipi.

Maneno mawili ya Elkanah yalikuwa "karibu sana". Ndiyo aliyowaambia wageni miaka nenda miaka rudi akiwa na mkasi wake wa maua, na ndiyo yaliyobaki.

"Aki Biasha, jana nimembadilisha nguo, nikamvuta ule mkono mbaya," Loice akasema. "Uso umekunjana, jasho linatoka, unajua ananiambia nini? Karibu sana!"

"Na akitaka choo?"

"Karibu sana. Pastor amekuja kumwombea, ameomba saa nzima, mtu amechoka. Elkanah anamwangalia na jicho kali: karibu sana! Pastor akafurahi, akaanza tena."

Tulicheka kunde zikamwagika. Elkanah naye, kule kitini, akacheka kwa upande mmoja. Kisha Loice akafuta macho akasema polepole, "Lakini jina langu hawezi. Hiyo ndiyo naombea. Hata mara moja tu." Tukainama tukaziokota kunde.

Ni katika alasiri kama hiyo ambapo Mama aliamka, akatoka, akasimama mlangoni akimtazama Biasha kwa muda. Kisha akaja akaniinamia mimi.

"Mwanangu, yule pale ana eda ya nani?"

"Nani, Mama?"

"Yule binti wa leso ya kijivu. Hatoki, hana wanja, mikono haina hina, hanukii chochote. Namwona siku zote hapa ndani. Kafiwa na mume, maskini, na bado kijana."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Biasha ndiye aliyecheka zaidi, akajipigapiga goti. Mwalimu wa vizuka amemwona kizuka! Lakini Mama hakucheka. Akamwendea Biasha, akamgeuza viganja, akavitazama, akasema kwa sauti niliyoisahau, ile sauti yake ya kazi, "Unakaa vizuri. Endelea hivyo hivyo. Usiogope, siku zinakwenda."

Tangu hapo hakumwacha. Asubuhi alilia kwa ajili ya mumewe, na baada ya chai akamkalisha Biasha eda. Alimrekebisha ushungi. Alimkataza kusimama mlangoni wanaume wakipita. Ikawa kizuka anamlinda kizuka mwenzake, na kila mmoja anadhani ni mwingine ndiye aliyefiwa.

Kisha akaja Subira, muuza matunda wa Kona ya Musa, kumjulia hali Mama. Mama alimpokea mlangoni, akamwambia kwa kunong'ona, "Ingia polepole. Kizuka yumo ndani. Mumewe alikuwa mtu mwema." Subira akachungulia, akamwona Biasha amekonda, leso ya kijivu, uso umeparama. Subira hakujua habari za talaka. Akajua moja kwa moja kwamba Swabir wa Msambweni amefariki, akampa Biasha mkono, akarudi Kona ya Musa, na pale Kona habari haihitaji viatu.

Ndipo watu walipomiminika. Tulijaribu kuwaeleza, lakini ukimwambia mtu aliyekuja kulia kwamba hakuna maiti, anahisi umemdhulumu. Swabir mwenyewe akampigia Nassir simu, amefura, kwamba kuna watu wamemwombea rehema msikitini naye yumo safu ya tatu.

"Mwambie tunapanga arubaini yake," nikasema. "Mwulize atapenda pilau au biriani."

Nassir akakata simu haraka. Hiyo ndiyo siku ya mwisho Biasha kucheka jambo lile.

Maana katika waliokuja alikuwemo ajuza mmoja aliyefiwa na mumewe akiwa msichana, mmoja wa wale ambao Mama aliwakalisha zamani. Alimwambia Biasha, huku amemshika mikono yote miwili, "Najua, mwanangu. Unaamka huna pa kwenda, unalala huna uliyeongea naye. Najua." Tukamweleza baadaye kwamba Swabir yu hai. Akajibu kwamba hakuwa akisema habari za Swabir.

Alipoondoka, Biasha aliketi kwenye kigoda akabaki anatazama viganja vyake.

"Wifi," akaniambia, "mimi nanukia nini sasa?"

Nikamwambia ananukia sabuni.

"Mama hakukosea sana," akasema. "Amekosea marehemu tu."

Nikataka kumkumbatia, lakini Mama akaita kutoka ndani, na Biasha akainuka. Nilijiuliza jioni ile kama amewahi kumlilia babake hata mara moja. Sikumbuki kumwona. Kila alipotaka kuanza, mamake alikuwa ameshaanza, na mtu mmoja sharti ashike kikombe cha maji.

Siku zikatimia. Biasha alikuwa na wasiwasi wiki nzima, kwa sababu ni nani atakayemnong'oneza Mama yale maneno? Aliwaendea wajane akawaomba. Wakamwambia maneno yale yalikuwa ya Mejumaa, wao waliyapokea tu, hawana ruhusa ya kuyatoa. Akaniambia atamsomea Mama dua na kumwomba Mwenyezi Mungu aikubali, basi. Alikuwa amefika mwisho wa ahadi yake na mlango umefungwa kwa ndani.

Asubuhi yenyewe hakuchuma asumini akayatupa. Aliyaacha yachanue, kisha akajaza sinia. Loice alikuwa amekuja tangu alfajiri kutuchemshia maji, akasema maji ya mtu mzima hayawezi kuachiwa Twaiba, nitamwunguza. Tukaingia bafu la makuti uani, mimi nikiwa nimeshika leso mbili kama pazia, Biasha na Mama ndani, ndoo ya maji ya vuguvugu na kata ya kifuu.

"Mama," Biasha akasema, "leo eda imekwisha."

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Basi kaa chini."

"Eda yako, Mama. Ya Baba. Baba amefari—"

"Kaa chini, mwanangu. Maji yatapoa."

Na akamnyang'anya kata.

Mikono ile, ninayoijua mimi, ilikuwa haiwezi tena kufunga kishikizo. Ilikuwa inashika kijiko kinyume. Lakini kata iliijua. Mama alimketisha Biasha kwenye kigoda na nguo zake, akampitishia maji bega la kulia, akampitishia la kushoto, akamfikicha kichwa taratibu kwa vidole, hachelewi hatua wala harudii. Biasha alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Sikufanya kitu. Nilishika leso zangu.

Kisha Mama akamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia, na hao wajane wanisamehe.

"Ulimtunza akiwepo, umemtunza hayupo. Hakudai, humdai. Hapana atakayekuuliza mbona umecheka. Haya, mlilie mara ya mwisho, utoke."

Biasha akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa "Baba". Alilia pale kigodani na maji yakimchuruzika, alilia kwa sauti, kinyume cha mafunzo yote, akamwita babake mpaka kuku wakatawanyika. Loice akapiga kelele nje, "Kuna nini huko?" Leso moja nilikuwa nimeshaifanya ya kufutia uso wangu. Mama peke yake hakulia. Alimshika kichwa kifuani, akamngoja amalize.

Alipomaliza, Mama akamvika leso mpya tulizokuwa tumemnunulia yeye Mama, akamtia asumini nywele nzima, akamsukuma mgongoni. "Toka sasa. Nenda kwa watu."

"Siwezi, Mama. Dawa zako—"

"Jikoni hurudi leo. Nenda. Twaiba yupo."

Tangu aanze kuugua sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake. Nikamwambia Biasha, "Nenda, umesikia. Nipo." Nikaenda nyumbani mbio nikamletea chupa moja ya halud, nikampaka mwenyewe nyuma ya masikio. Akaondoka akielekea barabarani, ananukia harusi, anageuka nyuma kila hatua chache. Mimi na Loice tulisimama tukimtazama hadi alipopinda.

Nilidhani atarudi magharibi. Nilimwombea arudi magharibi, amechoka kwa maneno, ana mchanga miguuni. Adhuhuri haijaadhiniwa nikamwona anakuja, na mfuko mdogo wa sukari mkononi.

"Mbona mapema, wifi?"

"Nilifika Kona ya Musa, nikasimama," akasema. "Boda boda wakaniuliza, dada, twende wapi? Nikafikiri. Nikafikiri tena. Sikupata pa kuwaambia." Akanipa ule mfuko. "Nikaona sukari imekwisha."

Eda ya mjane ina siku yake ya kutoka. Hii ya Biasha sijui nani anaihesabu, na ikiisha itakuwa ni kwa msiba mwingine, na sote pale uani tulilijua hilo.

Mama alikuwa barazani. Mti wa asumini ulikuwa bado na maua, akawa ameyachuma, ameyakusanya kwenye upindo wake. Alimwona Biasha akatabasamu, bila dalili yoyote ya kukumbuka ya asubuhi.

"Biasha! Babako hajarudi?"

Nikasimama na mfuko wa sukari mkononi. Loice naye, nyuma yangu, akasimama. Biasha alivua viatu taratibu, akapanda barazani, akaketi upande ule aliokuwa akikaa Baba.

"Bado, Mama. Yuko shamba."

"Jua kali hivi? Ana maji?"

"Anayo."

"Ya vuguvugu? Hapendi ya baridi."

"Ya vuguvugu, Mama."

Mama akaridhika. Akayaweka maua kwenye kikombe, akakisogeza mahali pa mumewe, na wakakaa wote wawili wakitazama njia ya shamba. Mimi nikachukua sukari nikaenda kuinjika chai, ya watu watatu, pamoja na Baba.